Bomba la moshi, sailensa na kelele tulizozipa majina

MASHINE nyingi zilipofika Afrika Mashariki bila jina, watu hawakungoja kamati ya istilahi. Walizisikiliza, kisha wakazitaja kwa walichokisikia. Ndivyo tulivyopata pikipiki, neno ambalo ukilitamka mara tano kwa haraka unaisikia injini ya silinda moja ikipanda mlima. Ndivyo tulivyopata tingatinga, jina la trekta ambalo liliingia hata katika siasa zetu: katika uchaguzi wa 1997 chama cha NDP kilitumia alama ya trekta, na kiongozi wake, Raila Odinga, akabaki kuitwa Tinga hata baada ya chama chenyewe kuvunjwa. Tuktuk nayo ilitujia na jina lake kutoka Thailand, lakini hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Sikio la Mombasa na la Bangkok lilikubaliana.

Wanaisimu huyaweka maneno haya katika kundi la nomino zitokanazo na tanakali za sauti, na aghalabu huishia hapo. Mimi ningependa tuulize swali moja zaidi: sauti ya nini hasa? Si ya gurudumu, wala si ya honi. Piki-piki ni sauti ya moshi ukitoka kwenye bomba. Vali ya silinda inapofunguka, gesi yenye shinikizo kubwa huchomoka ghafla na kuipiga hewa kofi. Pikipiki kuukuu hupiga makofi ambayo karibu uyahesabu. Lori lenye injini ya silinda sita, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hupiga makofi 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde, na sikio letu huyaunganisha yakawa mngurumo mmoja. Kwa hiyo majina haya tunayoyaona kama mchezo wa watoto ni kumbukumbu ya wakati ambapo bomba la moshi lilisema bila kizuizi.

Mashine ilitajwa na sikio. Bomba lenyewe lilitajwa na jicho.

Neno la kale zaidi tulilo nalo ni dohani. Kamusi za karne ya 19 zinalitoa kwa maana ya bomba la kutolea moshi jikoni au melini, na meli ya mvuke iliitwa merikebu ya dohani. Asili yake ni Kiarabu, dukhan, ambalo maana yake ni moshi wenyewe. Msomaji Mwislamu atakumbuka kwamba Sura ya 44 ya Kurani inaitwa hivyo. Waswahili walilichukua jina la kitu kinachotoka wakalipa kitu kinachotolea. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mnamo 1896 na kufika ziwani mwishoni mwa 1901, jicho lilishinda tena: gari la moshi. Leo treni ya Mombasa inavutwa na injini za dizeli, na wazee wangali wanaiita gari la moshi bila kuona kasoro yoyote.

Bomba nalo ni la Wareno. Kwao lilikuwa pampu, chombo cha kutolea maji yaliyoingia melini. Kwetu limekuwa la maji, la mafuta, la sindano, na kwa vijana wa Tanzania likawa hata sifa, mambo bomba. Ajabu ni kwamba Mwingereza naye alilichota neno lake kisimani. Exhaust ni neno lenye asili ya Kilatini, na kitenzi chake cha awali kilihusu kuteka maji mpaka yaishe. Neno hilo ndilo mafundi wetu wamelitia kinywani na kulilainisha: mmoja husema ekzosi, mwingine ekzosti, wa tatu egzosi. Mfuatano wa k na z ni mgeni katika Kiswahili, na ugeni huo unaonekana katika jinsi kila karakana inavyojitafutia njia yake ya kuupita. Binafsi natumia ekzosi, kwa sababu ndiyo niliyoisikia zaidi.

Sasa ndani ya bomba hilo mna mtungi ambao hatujawahi kuupa jina letu. Tunauita sailensa, kama Mwingereza. Mmarekani huuita kwa neno lile lile analotumia kwa shali ya kujifunga shingoni. Wote wawili wanataja kazi moja tu, kuzuia sauti, na hapo ndipo penye shida ambayo makala haya yanataka kuifikia.

Hebu turudi nyuma kidogo. Ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves wa mji wa Columbus katika jimbo la Indiana, Marekani, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza sauti ya ekzosi mnamo 1897. (Milton huyu ndiye aliyekuja kuunda gari la magurudumu manane mwaka 1911, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Tatizo lao lilikuwa wazi. Barabara zilijaa farasi, na farasi hakupenda kabisa gari linalolia kama bunduki. Sailensa ilizaliwa kwa ajili ya amani ya watu na wanyama waliokuwa nje ya gari.

Madereva hawakuipokea kwa shangwe. Sailensa za mwanzo ziliibana injini. Basi watengenezaji wakaweka kilango kidogo kwenye bomba, mbele ya sailensa, ambacho dereva alikifungua kwa kukanyaga pedali. Mjini alikifunga, akifika mlimani alikifungua, moshi ukatoka moja kwa moja, gari likanguruma na kupanda. Miji mingi ilikuja kuvipiga marufuku vilango hivyo, lakini somo lilikuwa limeshaingia: kelele ni nguvu, kimya ni unyonge. Ukimkuta leo kijana akiikata sailensa ya gari lake ili "lipumue", jua kwamba imani yake ina umri wa zaidi ya karne moja.

Kuna familia moja ambayo historia yake ni kama imeandikwa kwa ajili ya safu hii. Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, aliunda mnamo 1884 bunduki iliyojipakia risasi yenyewe kwa nguvu ya mrudio wake. Afrika Mashariki iliisikia mapema. Januari 1892, katika vita vya Mengo, Lugard aliitumia bunduki ya Maxim kuamua nani angetawala Buganda. Kiswahili kilifanya kama kilivyofanya kwa pikipiki: bunduki za jamii hiyo zikaitwa bombomu, muda mrefu kabla ya neno rashasha kushika. Mlio wa bombomu na mlio wa ekzosi ni ndugu, maana zote mbili ni gesi yenye shinikizo inayochomoka kwenye mdomo wa chuma. Maxim mwenyewe masikio yake yaliharibiwa na mlio wa bunduki zake.

Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alikuwa mhandisi wa magari. Mnamo 1909 alipata hataza ya kifaa cha kunyamazisha bunduki, na kampuni yake baadaye ikageukia sailensa za injini. Baba alilipa bara zima kelele. Mwana akauza kimya. Kanuni aliyoitumia ni moja pande zote mbili: usiiruhusu gesi itoke kwa mkupuo, izungushe kwanza, ipanuke, ipoe, ndipo itoke taratibu. Msomaji wa riwaya za kijasusi za Kiswahili ameshakutana na bastola yenye kiwambo cha sauti. Neno hilo linanifurahisha. Kiwambo kinatokana na kuwamba, kama unavyowamba ngozi juu ya ngoma, na ngozi ya ngoma kazi yake ni kutoa sauti! Riwaya zimelichukua neno la chombo kinacholia zikalipa chombo kinachonyamazisha.

Miji mikubwa nayo ilianza kuipima kelele badala ya kuilalamikia tu. Mnamo 1929 New York iliunda tume ya kupambana na kelele, gari lenye vipimo likazungushwa mitaani, na ripoti ikatoka 1930. Kipimo cha desibeli, kilichobuniwa na wahandisi wa simu miaka ya 1920, ndicho kilichowezesha kazi hiyo. Kwetu Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoanza kutumika 1954, na kanuni zake ziliurithi mtazamo wa Waingereza kuhusu sailensa, na mwaka 2009 zikaongezwa kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo iliyokithiri chini ya sheria ya mazingira. Kotekote hadithi ni ile ile. Sailensa ni jambo la kelele.

Hapo ndipo historia inapomponza mwenye lori.

Lori likianza kulia vibaya, mwenyewe husema, "Ni kelele tu, bado linavuta." Kwa lugha aliyopewa, hajakosea. Kifaa kinaitwa kinyamazishi, kimeacha kunyamazisha, basi hasara ni masikio ya majirani. Lakini ekzosi inafanya kazi mbili, na jina limetaja moja. Ya pili ni kuibeba gesi chafu kutoka kwenye injini, kuipitisha chini ya kabini, na kuitoa mahali ambapo dereva na tanboi wake hawataivuta. Bomba likitoboka, kazi hizi mbili hazivunjiki kwa kipimo sawa. Bomba lililonyooka lisilo na sailensa kabisa, ila likiwa zima, linaweza kuutikisa mtaa mzima huku kabini ikibaki safi. Ufa mdogo chini ya sakafu unaweza kulia "tsi-tsi" tu asubuhi injini ikiwa baridi, kisha chuma kikapanuka kwa joto na mlio ukapotea, ilhali gesi inaendelea kupenya. Sikio lililotupa pikipiki na tingatinga halitoshi hapa.

Wala jicho halitoshi, pamoja na dohani yake. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Katikati ya karne ya 19 mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba gesi hii hushikamana na damu na kuizuia kubeba oksijeni. Leo tunajua inaishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Mnamo 1895 Mwingereza J. S. Haldane aliivuta mwenyewe kwa makusudi, akijipima damu, mpaka akapata taabu hata ya kutembea. Ndiye aliyependekeza wachimba migodi washuke na wanyama wadogo, na hivyo ndege wa migodini wakapata kazi yao. Magari yalipozidi, suala lile lile lilihamia barabarani: njia ya chini ya mto Hudson huko New York, iliyofunguliwa Novemba 1927, ililazimika kuwekewa feni 84 kwa sababu ya moshi wa magari peke yake.

Tuseme kweli, injini ya dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo sana ikilinganishwa na ya petroli. Mwenye pikapu ya petroli iliyotoboka bomba ana sababu zaidi ya kuogopa usiku huu. Lakini kidogo si hakuna, hasa pale lori linapoegeshwa Mai Mahiu au Timboroa kwenye baridi, injini ikaachwa iendelee ili kabini ipate joto, madirisha yakafungwa, na mtu akalala. Isitoshe, dizeli ina masizi yake. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Dereva wa masafa marefu huishi juu ya bomba hilo.

Kwa nini bomba litoboke? Watu hulaumu mawe na matuta, na ni kweli yanachangia. Adui mkubwa hutoka ndani, naye ni maji. Kila lita ya dizeli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Lori la safari ndefu huyafukuza kwa joto. Lori la mjini, la kubeba mchanga kutoka hapa hadi pale, halipati moto wa kutosha, na maji hubaki tumboni mwa sailensa yakichanganyika na asidi itokanayo na salfa. Nafuu ilikuja Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipohamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hewa ya chumvi ya Mombasa haikusoma tangazo hilo. Inaendelea kula kutoka nje.

Mahali palipotoboka pia panajalisha. Lori lenye turbo likivuja kabla ya turbo, tuseme kwenye gasketi ya manifoldi, gesi iliyopaswa kuisukuma turbo inapotelea hewani. Turbo inazubaa, hewa haitoshi, dizeli haiungui sawasawa. Mwenyewe ataona moshi mweusi, lori litachoka mlimani, na mafuta yatakwenda haraka. Hapo "kelele tu" inalipiwa kila siku kwenye kituo cha mafuta. Likivuja baada ya turbo, nguvu haibadiliki sana. Ndiyo maana wengi huivumilia ile ya pili, na ndiyo ile ya pili inayopita chini ya kabini.

Ukienda Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wanaendelea kuiita Grogan kwa jina la yule mkoloni aliyesafiri kwa miguu kutoka Cape kwenda Cairo, utakuta msamiati wa kazi hii ukiwa hai: gasketi, flenji, klempu, kuchomelea, kutia kiraka. Fundi mzuri hakimbilii kiraka. Bati lililoliwa na kutu kutoka ndani likichomelewa, moto unalimaliza pembeni mwa kiraka na baada ya miezi michache unarudi. Hubadilisha mtungi mzima, na huuliza kwanza kipenyo cha bomba, maana sailensa nyembamba kuliko inavyotakiwa itaibana injini na kuthibitisha ile imani ya zamani kwamba kimya ni unyonge. Hukikagua pia kile kipande cha kunyumbuka kilichoko kati ya injini na bomba. Injini hukaa juu ya raba na hutikisika, bomba limefungwa kwenye chesisi isiyotikisika namna hiyo, na kipande hicho ndicho kinachowapatanisha. Wengine huweka mahali pake bomba gumu ili kupunguza gharama. Ufa mpya hauchukui muda.

Ndani ya mtungi mpya mna vyumba. Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza katika karne ya 19 jinsi chumba chenye shingo nyembamba kinavyochagua sauti yake. Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda utamsikia. Chumba chenye ukubwa unaofaa huichukua sauti ya kimo fulani na kuirudisha kinyume na ilivyokuja, mawimbi yakakutana na kuuana. Mitungi mingine hujazwa nyuzi za kioo zinazoyeyusha sauti kuwa joto, na hiyo huchoka mapema nyuzi zinapojaa masizi. Kwa lori la kazi mimi ningechagua ya vyumba.

Jina je? Nimesikia ikipendekezwa kinyamazishi, nami silipingi kwa sarufi yake. Nalipinga kwa sababu linarudia kosa la Mwingereza kwa mofimu za Kibantu. Bora mafundi waendelee na sailensa, na mfumo mzima, kuanzia manifoldi hadi mdomo wa mwisho, uitwe ekzosi. Kisha tuzoeane na kuuliza "ekzosi inavuja?" badala ya "lori linapiga kelele?" Kuvuja ni kitenzi cha maji, na Mswahili yeyote akiambiwa kitu kinavuja huuliza mara moja: kinavujia wapi?

Jibu hutafutwa kwa mkono na jicho. Injini ikiwa baridi, fundi huiwasha, huziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu, na msaidizi wake husikiliza viungo kimoja kimoja. Mistari myeusi ya masizi karibu na flenji ni ushahidi hata kabla ya kuwasha. Sakafu ya kabini pia hukaguliwa, hasa matundu ya nyaya na pedali ambayo raba zake zimedondoka.

Lori likishatulia, dereva hurudi baada ya siku mbili kulalamika kwamba limekosa nguvu. Mara nyingi halijakosa chochote. Miaka yote alibadilisha gia kwa kusikiliza mngurumo, na sasa mngurumo haupo, kwa hiyo anachelewa kubadilisha au anakanyaga zaidi akitafuta sauti aliyoizoea. Mwonyesheni mshale wa mizunguko kwenye dashibodi, apande nao kutoka Mazeras hadi Mariakani akiwa na mzigo ule ule, kisha apime mafuta aliyotumia.